Mtoto Aliyeikimbia Keki

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. La, sivyo. Tisini na tatu ndio mwaka mto ulipofurika ukalichukua daraja la Dellwood, na siku za kesi hii watu walikuwa wanapita juu ya daraja jipya huku wakilalamika kwamba ni jembamba kuliko lile la zamani. Basi tuseme tisini na tano, mwezi wa pili, barafu bado imeng'ang'ania kwenye ngazi za mahakama, na mzee mmoja aitwaye Verlin Dirks anazipanda akiwa ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, kama mtu anayepanda mnara.

Verlin alikuwa kinyozi. Alivinyoa vichwa vya Dellwood tangu alipotoka jeshini mpaka vidole vilipoanza kutetemeka, akamchana mteja mmoja sikio, mteja akacheka, yeye hakucheka. Wiki ileile aliuza kiti. Kilikuwa kiti cha chuma na ngozi nyekundu, na aliyekinunua alikiweka sebuleni kwake akawa anakitumia kutazamia televisheni, jambo ambalo Verlin hakulisamehe kabisa. Baada ya hapo alikaa nyumbani. Mkewe, Arlene, alivumilia msimu mmoja tu wa ngano.

"Umepanga makopo yangu ya jikoni kwa alfabeti," Arlene alimwambia. "Utafute kazi, au mimi nitafute mume mwingine."

"Nani atakuchukua?"

"Yule aliyenunua kile kiti anaonekana mtu wa starehe."

Basi akatafuta kazi, na aliyoipata haikuwa na mshahara. Huko Kansas mtoto akiondolewa na serikali kwa wazazi wake huwekwa kwa mama mlezi, halafu kesi yake inaanza kusikilizwa, na inaweza kusikilizwa mpaka meno ya utoto yang'oke yote. Serikali ina wakili wake. Mama ana wakili wake. Ofisa wa ustawi wa jamii ana watoto wengi kuliko majina anayoweza kuyakumbuka, na akichoka anaacha kazi anakuja mwingine. Kwa hiyo jaji humteua mtu wa kawaida wa mjini, mwalimu aliyestaafu, mke wa mkulima, hata kinyozi, anamwapisha, anamkabidhi mtoto mmoja. Mmoja tu. Kazi yake ni kumtembelea, kuwauliza wote wanaomjua, kisha kusimama mbele ya jaji na kusema ni lipi litamfaa mtoto huyo. Wanamwita mtetezi.

Ofisi ya watetezi ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya mahakama, na aliyeiendesha ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, Nadine Voth. Yeye ndiye aliyempa Verlin masharti.

"Usimpe mtoto zawadi. Usimpakie kwenye gari lako. Usimwahidi kitu chochote, hata kama ni kuonana wiki ijayo. Na akikwambia 'usimwambie mtu', mkatize hapohapo. Mwambie wewe huna siri, unalosikia linafika kwa jaji."

"Kinyozi asiye na siri," Verlin alisema. "Ningefunga duka wiki ya kwanza."

"Ndiyo maana nakwambia mapema, Bwana Dirks."

Mtoto aliyepewa aliitwa Corrie Pruitt, alikuwa anakaribia miaka saba, nywele rangi ya majani makavu yaliyonyeshewa, maneno machache. Alikuwa amewahi kuwa na mtetezi mwingine, bibi mmoja aliyehamia Arizona kwa sababu ya kifua. Ofisa wake pia alikuwa mpya, binti anayeitwa Teresa Ochs, aliyekula chakula cha mchana ndani ya gari kila siku. Baba yake Corrie, Wade, hakuwemo tena kwenye habari. Alikuwa amefungwa jela jimbo lingine, na kabla ya kupelekwa huko alikubali mbele ya jaji kwamba haki yake ya uzazi ifutwe. Hayo yote yalipita kabla ya Verlin kula kiapo, na kabla ya Teresa kuajiriwa.

Aliyebaki ni mama, Darla. Darla alikuwa amezama kwenye pombe na vidonge, na siku moja ya baridi majirani walimkuta Corrie peke yake katika nyumba ya magurudumu nyuma ya kituo cha mafuta, anatafuna makaroni mabichi. Tangu hapo Darla alikwenda kutibiwa, akaanguka, akarudi kutibiwa tena, na sasa alikuwa anafua mashuka katika nyumba ya kulea wazee na kila alipopimwa alikutwa safi. Mwisho wa mwezi ule wa pili jaji alikuwa aamue jambo moja: Corrie aendelee kutayarishwa kurudi kwa mama yake, au mama naye afutwe kama baba alivyofutwa, mtoto atafutiwe watu wengine wa kumwita wao.

Kila Jumatano Verlin alikwenda nyumbani kwa mama mlezi, Lavonne Koehn, mwanamke wa kanisani mwenye mikono mikubwa na jiko ambalo halikupoa. Alikaa kwenye kapeti na goti lake bovu. Corrie alimfunga taulo shingoni, akamnyoa kwa kijiko.

"Unataka fupi?" mtoto aliuliza.

"Fupi, lakini uniachie kidogo juu. Mke wangu anapenda pa kushika."

"Huna kitu juu."

"Ndiyo maana nakuomba uniachie."

Corrie hakucheka, ila alikigeuza kijiko upande wa pili na kuanza upya, na Verlin alijua kwamba huko ndiko kucheka kwake. Kwenye meza ndogo karibu na kitanda cha mtoto palikuwa na picha ndani ya fremu ya plastiki: Corrie, baba yake, na keki yenye waridi la bluu. Verlin aliiona mara nyingi. Alidhani ni picha ya siku ya kuzaliwa, kama angedhani mtu yeyote.

Mambo yaliharibika siku ya kumtembelea mama. Mikutano hiyo ilifanyika katika chumba cha ofisi ya ustawi, chenye sofa ya kahawia, meza, na kioo ambacho aliye nje anaona ndani na aliye ndani anajiona mwenyewe. Teresa alikuwa nje ya kioo na karatasi zake, Verlin kando yake. Corrie alikuwa ndani, amekaa kwenye sofa anachezesha miguu, anamngoja mama yake kwa utulivu kabisa.

Darla aliingia na keki. Siku ya kuzaliwa ya Corrie ilikuwa wiki inayofuata, na wiki inayofuata hakukuwa na mkutano, kwa hiyo alitangulia. Keki ilikuwa na krimu ya rangi ya waridi, imelala kidogo upande mmoja. Mkono wa pili alishika kamera ya karatasi, zile za kutupwa picha zikiisha.

"Angalia nilichokuletea, mpenzi wangu," Darla alisema. "Njoo tupige picha."

Corrie aliitazama keki. Halafu akaitazama kamera. Rangi ilimtoka usoni, akateremka kwenye sofa bila kutoa sauti, akaingia chini ya meza, akashika mguu wa meza kwa mikono na miguu.

"Corrie? Mwanangu, ni mimi."

"Ondoa."

"Ni keki tu. Nimeioka mwenyewe."

"Ondoa! Ondoka nayo!"

Darla alipiga magoti, akapenyeza mkono, akamshika kifundo cha mkono na kuvuta. Mtoto akamng'ata. Darla akavuta tena, kwa nguvu, analia sasa, anasema niangalie, niangalie, na chini ya meza kapeti ikaanza kulowa. Teresa akafungua mlango. Mkutano ukaishia hapo, keki ikabaki mezani na alama ya kiwiko cha mtu katikati.

Verlin alirudi nyumbani akaandika taarifa yake kwa jaji. Aliandika alichokiona: mtoto alikuwa shwari mpaka mama alipoingia; alijificha; alijikojolea; alipiga kelele mama aondoke. Aliandika kwamba mikutano isimamishwe, na kwamba yeye, mtetezi, anakubaliana na serikali kwamba mama afutwe. Alisoma mara mbili, hakuona neno la uongo. Akaipeleka kwa Nadine, Nadine akaiwasilisha, na kwa utaratibu wa pale nakala zikaenda kwa kila mmoja, pamoja na Darla.

Jumatano iliyofuata, siku moja kabla ya kesi, alikwenda kwa Lavonne kama kawaida. Nyumba ilikuwa inanukia mkate na kabichi. Mjukuu wa Lavonne, Toby, alikuwa anatimiza mwaka mmoja, na mama yake alimwacha hapo akaenda kununua maziwa. Toby alikaa kwenye kiti chake kirefu anapiga trei kwa kiganja, na Lavonne alikuwa anaitoa keki kwenye friji. Corrie alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni.

"Nani anaondoka?" Corrie aliuliza.

"Hakuna anayeondoka, mpenzi. Mama yake Toby anarudi sasa hivi."

"Ni nani, basi?"

"Hakuna. Kaa, nitakukatia kipande kikubwa."

Simu ililia sebuleni, Lavonne akaenda kuipokea. Verlin alikuwa barazani anavua viatu vyake vya theluji, kazi ambayo kwa goti lile ilikuwa inataka subira. Alipoingia jikoni kwa soksi, keki ilikuwa mezani, kiti kirefu kilikuwa kitupu, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, upepo unaupigapiga.

"Lavonne," aliita. "Toby unaye?"

Lavonne alitokea na simu bado mkononi, waya umejinyoosha hadi mwisho. Alitazama kiti. Alitazama mlango. Simu ikaanguka.

Nje kulikuwa na baridi ya kukausha pua. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja, kisha uzio, kisha mfereji wa maji ambao barafu yake, siku zile za mwisho wa mwezi wa pili, haikuwa ya kuaminika hata kwa paka. Lavonne alitoka bila koti anaita majina mawili kwa zamu. Verlin alimfuata kwa soksi, macho chini, anatafuta alama za miguu kwenye theluji, na theluji ilikuwa imekanyagwa na mbwa, na Lavonne, na juzi na jana, haimwambii kitu. Alifika kwenye mfereji akainama. Barafu ilikuwa nzima. Alijikuta anasema asante kwa sauti bila kujua anamwambia nani.

Ni Lavonne aliyewapata. Mlango ulifunguliwa na upepo tu, hawakutoka. Walikuwa katika chumba cha kufulia, nyuma ya mashine ya kukaushia nguo, Corrie amekaa amejikunja, Toby mapajani, amemfunika kwa mashuka ya moto, na mtoto yule mdogo anatafuna kona ya shuka kwa raha zake.

Lavonne alimnyakua mjukuu. "Corrie, ulikuwa unafanya nini? Unataka kuniua?"

"Msimpe keki," Corrie alisema.

"Kwa nini asipewe?"

"Akila ataondoka."

Verlin alikaa sakafuni, soksi zinachuruzika maji. Hakuuliza haraka. Kinyozi huwa na kazi mikononi wakati mtu anasema jambo zito, kwa hiyo alichukua shuka moja akaanza kulikunja.

"Nani alikula keki akaondoka?" aliuliza.

"Baba. Tulikata keki, tukapigwa picha, yule mama wa ofisini akasema sasa muage baba vizuri. Halafu hakurudi." Corrie alimtazama anavyokunja. "Na mama naye alileta. Na kamera alileta. Lakini mimi sikula, Bwana Dirks. Hata kidogo sikula."

Lavonne aliweka mkono mdomoni. "Siku ile alirudi na kipande kwenye karatasi ya jikoni," alisema polepole. "Kile cha waridi la bluu. Nikamwambia, umepata bahati."

Ofisi ya Nadine ilikuwa karibu kufungwa Verlin alipofika. Alimsimulia yote akiwa wima, soksi za mume wa Lavonne miguuni.

"Taarifa yako imeshaingia," Nadine alisema. "Inasema mtoto anamwogopa mama."

"Haisemi hivyo. Inasema alijificha."

"Na kila anayeisoma anaelewa anamwogopa mama. Wewe mwenyewe ulielewa hivyo."

"Nilielewa hivyo."

Nadine alivua miwani. "Unaweza kusimama kesho useme. Jaji atakusikiliza, wewe ndiye mtetezi wa mtoto. Lakini Fenske, wakili wa serikali, atakugeuza kama chapati, na ana haki. Na je, una uhakika? Huyo mwanamke alimvuta mtoto mkono. Ukikosea upande huu wa pili, hatuzungumzii tena keki."

Hilo ndilo alilokwenda nalo nyumbani. Arlene alimwekea supu ya tambi na kuku, akamwangalia anavyoizungusha.

"Miaka yote hiyo uliwanyoa watu kombo wakarudi ukawarekebisha," alisema. "Hukufa."

"Nywele zinaota."

Arlene alimsogezea mkate.

Ndipo tunarudi kwenye zile ngazi zenye barafu. Ndani, chumba cha kesi kilikuwa na joto la kupindukia, mabomba yanagongagonga. Jaji Wirth alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya kuning'inia, asiyependa kushtukizwa. Darla alikaa na wakili wake, amevaa sketi ya kuazima, na taarifa ya Verlin ilikuwa mbele yake imekunjwa mara nyingi hata imekuwa ndogo kama bahasha. Hakumtazama Verlin. Teresa alieleza ya kwake, na wakili wa serikali, Bwana Fenske, akaeleza ya kwake, na kila mmoja alimaliza kwa kusema: hata mtetezi anakubali.

"Bwana Dirks," jaji alisema. "Una la kuongeza?"

Verlin alisimama. "Nina la kuondoa, Mheshimiwa."

Kalamu ya Fenske ilisimama. Verlin alisimulia: Toby, kiti, mashine ya kukaushia nguo, maneno ya mtoto kama alivyoyasikia. Hakuongeza chumvi. Alisema alichoandika kilikuwa kweli, ila yeye ndiye aliyekisoma vibaya, na mapendekezo yake anayaondoa.

Fenske aliinuka. Verlin alikuwa amemnyoa tangu alipokuwa mtoto wa kukalia ubao juu ya kiti cha kinyozi, na aliwahi kumkuta na chawa, na kwa muda mfupi alitamani sana kulikumbuka hilo kwa sauti.

"Bwana Dirks, wiki iliyopita uliiambia mahakama hii mtoto alimfukuza mama yake. Leo unatuambia alikuwa anafukuza keki. Wiki ijayo utatuambia nini?"

"Nitakachokuwa nimekiona."

"Ulikuwepo siku mtoto alipoagana na baba yake?"

"Hapana."

"Bi Ochs alikuwepo?"

"Hapana. Hakuna kati yetu aliyekuwepo. Yeye tu."

"Kwa hiyo tunamwamini mtoto wa miaka sita."

"Miaka saba sasa. Ndiyo."

Fenske aligeuza karatasi. "Je, mama alimvuta mtoto mkono?"

Darla aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Alimvuta," Verlin alisema.

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Kuna jambo jingine lolote mtoto amekuambia kuhusu mama yake ambalo hujatuambia?"

Lilikuwepo. Jumatano ileile, mashuka yalipokwisha kukunjwa, Corrie alimnong'oneza jambo, na Verlin alimkumbusha, kama alivyoapa, kwamba yeye hana siri. Mtoto alifikiri, kisha akalisema hata hivyo. Sasa Verlin angeweza kusema hapana. Neno hapana lilikuwa fupi na lilikuwa karibu.

"Alisema anaogopa mama yake akilala mchana," Verlin alisema. "Zamani akilala mchana alikuwa haamki. Alisema akirudi kwake anataka mama awe analala usiku tu."

Wakili wa Darla alifumba macho. Fenske akasema hana zaidi, akakaa kama mtu aliyeshiba.

Kisha jaji akauliza, "Hiyo picha ya baba ipo?"

Lavonne alikuwa amekaa nyuma na mkoba mapajani. Alikuja na ile fremu ya plastiki, akampa karani, karani akampa jaji. Jaji alivaa miwani. Katika picha ile baba anatabasamu na kisu mkononi, na waridi la bluu halijaguswa. Mtoto hatazami kamera. Ameshika mkono wa shati la baba yake kwa vidole vyote vitano, na kitambaa kimekunjamana chini ya vidole.

"Nani alileta keki hii?" jaji aliuliza.

Teresa aliinuka, uso umemwiva. "Ofisi, Mheshimiwa. Ni desturi. Mkutano wa mwisho tunaleta keki na kupiga picha, ili mtoto abaki na kumbukumbu nzuri."

"Kumbukumbu anayo," jaji alisema, akaiweka picha kifudifudi, halafu akaigeuza tena.

Alitoka, akakaa huko ofisini kwake mpaka Darla akaichana kona ya ile taarifa vipande vidogovidogo na kuvipanga mezani. Aliporudi alizungumza kwa maneno makavu. Ombi la serikali linawekwa kando mpaka kiangazi. Mikutano irudi. Mama apimwe mara nyingi zaidi, na ofisa afike kwake mchana bila kumwarifu, aone nani amelala. "Na keki," alisema, "isiingie katika chumba kile. Wala kamera."

Korido ya mahakama ilikuwa nyembamba, hapakuwa na jinsi ya kukwepana. Darla alisimama mbele ya Verlin.

"Umesema nilimvuta."

"Ulimvuta."

"Najua." Alikuwa anahangaika na kifungo cha koti. "Alikwambia kweli hiyo ya kulala mchana?"

"Ndiyo."

"Nafanya kazi usiku. Usiku ndiyo zamu yangu. Nikirudi ninalala mchana." Alicheka bila furaha. "Itabidi niwaombe zamu nyingine."

"Waombe."

"Keki yenyewe ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa imelala upande."

"Tanuri la jirani lina miguu mitatu," Darla alisema, akashika chuma cha ngazi na kuteremka.

Aliomba zamu, wakamnyima, akaomba tena. Alipata mwezi wa nne. Teresa alifika kwake bila kumwarifu mara kadhaa, na mara moja alimkuta amelala kweli, ana homa, na siku ile Verlin hakula. Aliendelea kukaa kwenye kapeti kila Jumatano, akinyolewa kwa kijiko. Ngano ilivunwa. Corrie alianza kulala kwa mama yake usiku mmoja, kisha mawili, kisha Lavonne akafunga nguo zake zote kwenye sanduku la kweli, akaingia bafuni akafungua maji ili asisikike.

Siku ya kufunga kesi ilikuwa mwezi wa nane, joto la kuyeyusha lami. Ofisi ya watetezi ilikuwa na desturi yake pia: mtoto akirudi kwao, wanamfanyia karamu ndogo. Verlin alikuwa amemwambia Nadine mapema, na Nadine hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakaleta tikiti maji. Corrie alikula vipande mpaka kidevu kikachuruzika, akamtemea mama yake mbegu moja, Darla akamrudishia, na Jaji Wirth, aliyepita mlangoni, akajifanya hajaona.

Kesi ikifungwa, kazi ya mtetezi nayo imefungwa. Hatembelei tena, hapigi simu. Ndiyo masharti, na Verlin aliyaona kuwa ya haki, maana familia nayo inahitaji kufunga mlango wake. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Corrie kwa lile goti lake.

"Corrie, leo mimi nimemaliza. Sitakuja tena. Umeelewa?"

Mtoto alimtazama. Halafu alitazama meza nzima, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, polepole, akaona maganda ya tikiti na vikombe vya karatasi, hakuna kingine. Uso wake ukatulia.

"Sawa," alisema. "Jumatano uje nikunyoe. Sasa hivi nina mkasi wa kweli, wa plastiki."

Darla akamwita, akakimbia.

Verlin alibaki amechuchumaa, mpaka Nadine akamshika kwapani kumwinua. Swali alimuuliza yeye kwanza, palepale, Nadine akaanza kukusanya vikombe. Akamuuliza Arlene mezani, Arlene akamsogezea mkate. Mwaka mwingine alikutana na Jaji Wirth dukani kwenye mstari wa kulipa, akamuuliza na yeye, na jaji aliangalia maziwa yake kwa muda mrefu, akamwambia msalimie mkeo. Alimuuliza kila mtu aliyedhani anaweza kujua, na mpaka leo hakuna aliyemjibu: kama keki haikuwepo, yule mtoto atajuaje kwamba safari ile aliyeondoka ni Verlin?